Nyeupe ya Malkia na Kisutu cha Pwani

Juzi nilikaa katika kamati ya harusi ya mpwa wangu. Tulibishana saa mbili nzima juu ya rangi za ukumbi na sare za akina mama. Dada yangu, mama wa bibi harusi, alikuwa kimya. Fedha ya sare mpya hana. Mzee mmoja akasema: “Rangi nyingine chagueni, lakini bibi harusi ni nyeupe. Ndivyo dini inavyotaka.”

Nilimwomba radhi, nikamweleza. Tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa akiwa amevaa gauni jeupe. Zamani hizo bibi harusi wa Ulaya walivaa rangi mbalimbali, na wengi walishona nguo ya kuvaliwa tena baadaye. Nyeupe huchafuka upesi, hivyo ilikuwa rangi ya wenye nacho. Habari za malkia zikaenea, matajiri wakaiga, na baadaye mtindo huo ukatufikia sisi. Haikuwa amri ya dini.

Nasi pwani tulikuwa na chetu. Kanga zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, kisutu kikawa vazi la harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Tena harusi ikiisha, kanga haitupwi. Huvaliwa, hubebea mtoto.

“Basi rangi zetu ziwe hizo tatu,” nikasema, “na akina mama wavae visutu walivyo navyo.”

Dada yangu akainua kichwa. “Kisutu ninacho,” akasema, “kimo sandukuni.”