Kura moja iliyoamua komandi unayoandika leo

Ukianza kujifunza seva, kitu cha kwanza unakariri ni hii: systemctl start, systemctl stop, systemctl status. Unaweka jina la huduma, unabonyeza enta, imeisha hiyo. Kumbe nyuma ya hiyo komandi kuna vita, tena si mchezo.

Linux ikiwaka, kuna programu moja inaanza kabla ya zingine zote. Inaitwa namba 1, na ndiyo mama yao wote. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya init, mtindo uliotoka kwa Unix System V ya AT&T, 1983. Kila huduma ilikuwa na skripti yake ndani ya /etc/init.d, na zilianza kwa laini, moja baada ya nyingine, kama watu wa matatu stejini saa moja jioni. Mmoja akikwama mlangoni, nyote mnangoja. Na huduma ikikufa saa nane usiku, ilikuwa imekufa tu mpaka mtu aamke.

2006 Ubuntu wakajaribu dawa yao, Upstart. Halafu Aprili 2010, Lennart Poettering wa Red Hat akatangaza systemd, aliyoianza na Kay Sievers. Huduma zinaanza kwa pamoja, na ukiiambia, inafufua iliyokufa. Fedora ikaichukua 2011.

Wazee wa Unix wakawaka. Kwao, programu inafaa kufanya kazi moja na kuifanya vizuri, lakini systemd ilianza kumeza kila kitu: logi, kuingia kwa watumiaji, hadi mtandao. Na si uongo.

Februari 2014 ikabidi kamati ya kiufundi ya Debian iamue. Systemd na Upstart zikatoka sare. Mwenyekiti akatumia kura yake ya turufu: systemd. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ikaachana na Upstart yake na kuhamia systemd 2015.

Walioshindwa nao? Walibeba msimbo wa Debian, wakatoa systemd, wakaunda Devuan. Toleo la 1.0 likatoka 2017. Hakuna aliyeomba ruhusa, hakuna aliyeshtakiwa.

Mimi nasema systemd ilistahili kushinda. Lakini wewe unayeandika systemctl leo, jua hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Watu walibishana, wakapiga kura, na mlango wa kutoka ukabaki wazi. Ni programu ngapi kwa simu yako zinakupa huo mlango?