Kusoma na Kushika: Fundisho la Watu wa Kale

Padri mpya akitoka seminari kubwa huchukua sanduku la vitabu na madaftari. Miaka michache ikipita, mchwa wamekula madaftari, na vitabu vingine vimeazimwa wala havikurudi. Kisha usiku mmoja anaitwa kwa mgonjwa, kijiji cha mbali. Pale hapana nafasi ya kufungua kitabu. Atasema nini? Atasema lile tu lililobaki moyoni mwake. Katekista naye yumo katika shida ile ile, tena yeye hata sanduku hana.

Basi tuiulize historia. Wale waliotutangulia walikuwa na vitabu haba kuliko sisi. Walifanya namna gani kusudi wasipoteze waliyoyasoma?

1. Jangwani Misri

Mtakatifu Antoni, aliyekufa mwaka 356, hakukubali kwenda shule. Lakini Mtakatifu Atanasi, aliyeandika maisha yake, anashuhudia kwamba Antoni aliyasikiliza masomo ya kanisani kwa bidii kubwa, hata mwishowe hakuhitaji kitabu: kumbukumbu yake ilimtosha.

Mtakatifu Pakomi, aliyekufa mwaka 346, aliweka jambo hilo katika sheria ya monasteri zake kando ya mto Nili. Mtu akiingia, hufundishwa kwanza zaburi 20, au nyaraka 2 za Mtume, ama sehemu nyingine ya Maandiko. Asiyejua kusoma sharti afundishwe, hata asipotaka. Na kila mmoja ashike bila kitabu walau Agano Jipya na Zaburi. Wamonaki wale walifuma mikeka. Mikono ilikuwa kazini, na midomo ilirudia Maandiko. Neno la Mungu halikungoja saa ya darasa.

Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliamuru kwamba kwa Kwarezima kila mmonaki apewe kitabu, akisome chote kwa utaratibu, toka mwanzo. Kitabu kimoja, si kumi.

2. Mwalimu Hugo wa Paris

Mtu aliyefundisha jambo hili vizuri zaidi ni Hugo, mwalimu katika nyumba ya Saint-Victor mjini Paris, aliyekufa mwaka 1141. Kunako miaka ya 1120 aliandika kitabu kiitwacho Didascalicon, cha kuwafundisha wanafunzi namna ya kusoma.

Kadiri ya Hugo, mwanafunzi anahitaji mambo matatu: kipaji, mazoezi na mwenendo mwema. Kipaji chenyewe kina sehemu mbili: akili ya kuvumbua na kumbukumbu ya kutunza. Akili bila kumbukumbu ni kama mvuvi mwenye kuvua samaki wengi na kapu lake limetoboka.

Tufanye nini, basi? Hugo anajibu: kusanya. Kila fundisho refu lina chemchemi yake, na maneno mengine ni vijito vinavyotoka pale. Anayekimbilia vijito vyote atachoka; anayeshika chemchemi atavipata vijito vyote pamoja nayo. Kwa hiyo, ukiisha kusoma, funga yote katika maneno machache yaliyo hakika, uyatie katika sanduku dogo la moyo. Kisha uyarudishe mara kwa mara kinywani, kama mnyama anavyocheua majani aliyokwisha kumeza. Anaonya pia: usijisifu kwa kuwa umesoma mengi, bali ufurahi kama umeelewa mengi na kuyatunza.

Katika andiko lingine, la kunako mwaka 1130, Hugo anawafundisha vijana kushika Zaburi. Pangeni moyoni mstari wa hesabu, toka 1 mpaka 150, na chini ya kila hesabu wekeni maneno ya kwanza ya zaburi yake. Tena tazameni ukurasa wenyewe: rangi ya herufi, umbo lao, pahali pao, juu ama chini. Ndiyo maana afadhali kusoma daima katika kitabu kile kile. Jambo lisilo na pahali hupotea. Jambo lenye pahali huonekana likitafutwa.

3. Lukasa ya Baluba

Mtu asifikiri kwamba busara hii ni ya Ulaya tu. Katika ufalme wa Baluba, kwetu Katanga, watu wa chama cha Mbudye walitunza historia kwa lukasa: kibao cha mti chenye kutosha mkononi, chenye shanga, simbi na alama za kuchongwa. Mwenye kukijua alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kuume juu ya shanga, akasimulia wafalme, safari na pahali patakatifu. Rangi ya shanga, ukubwa wake na pahali pake vilimkumbusha.

Hugo hakujua Baluba, wala Baluba hawakumjua Hugo. Hata hivyo wote wawili walitambua kwamba kumbukumbu ya mtu hutaka utaratibu na pahali. Walijua na jambo la pili: kibao hakisemi na mtu asiyefundishwa. Daftari letu ni vivyo hivyo. Kama lililoandikwa humo halikupita moyoni, daftari ni mti mtupu.

4. Na sisi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, anatoa mashauri manne kwa kumbukumbu: kutafuta mfano unaoonekana, kupanga mambo kwa taratibu, kuyajali na kuyapenda, na kuyafikiri mara nyingi. Lile la tatu ndilo linalosahauliwa. Mwanafunzi anayesoma kwa ajili ya mtihani, akiisha mtihani anafungua mlango na mambo yote yanatoka.

Basi, ewe mseminari, ukifunga kitabu jioni, jiulize: chemchemi ni ipi? Iseme kwa sentensi moja, katika lugha ya mama yako. Kama huwezi, fungua tena, kwani bado hujasoma. Wewe katekista, zaburi moja kwa mwezi ni 12 kwa mwaka, nawe utazichukua njiani bila mzigo. Na sisi mapadri, tulilosoma leo tulitoe kesho kwa mtu mmoja walau. Chakula cha ghala kisichogawiwa huliwa na panya.

Mgonjwa wa usiku ule hatauliza tumesoma vitabu vingapi. Atangoja neno moja, nalo sharti tuwe nalo.