Kikosi cha Nane cha Topido na Uongozi katika Vita vya Midway

Asubuhi ya tarehe 4 Juni, 1942, manowari tatu za Marekani za kubebea ndege, Enterprise, Hornet na Yorktown, zilikuwa zikivizia kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Midway, katika Bahari ya Pasifiki. Manowari nne za Ujapani za namna hiyo zilikuwa zikikishambulia kisiwa hicho. Kabla ya jua kuchwa zote nne zilikuwa zimeshindwa vita. Habari za ushindi huo zimesimuliwa mara nyingi. Habari za waliotumwa wasirejee zimesimuliwa pia, lakini kwa namna iliyowafaa zaidi wakubwa wao.

Kikosi cha Nane cha Topido kilitoka Hornet kikiwa na ndege 15 na watu 30. Mkuu wake, Luteni Kamanda John C. Waldron, alikuwa mtu wa miaka 41, mkali katika mazoezi na mpole kwa vijana wake, ambao wengi walikuwa hawajapata kuona vita. Usiku wa kuamkia siku ile aliwaandikia kwamba, hata ikibaki ndege moja tu, rubani wake aende mbele akapige. Ndege zao ziliitwa Devastator. Zilikuwa fahari ya mwaka 1937, lakini kufikia mwaka 1942 zilikuwa zimekwisha kuwa kuukuu. Ili topido ifanye kazi, ilimpasa rubani ashuke karibu na maji, apunguze mwendo, kisha aende moja kwa moja bila ya kuyumba, naye huku anafyatuliwa risasi. Tena topido yenyewe haikuaminika. Mara nyingi ilikosea njia au ilikataa kupasuka.

Mkuu wa ndege zote za Hornet alikuwa Kamanda Stanhope Ring, na nahodha wa manowari alikuwa Marc Mitscher. Ring aliongoza kuelekea magharibi. Waldron alikuwa amefanya hesabu yake mwenyewe, akaona kwamba adui yuko kusini-magharibi. Alisema hivyo kabla ya kuruka, hakusikilizwa. Akasema tena kwa redio angani, akakatazwa. Ndipo alipogeuza ndege yake, na kikosi chake chote kikamfuata. Kwa sheria za jeshi huo ni uasi. Kwa dira ilikuwa kweli tupu, maana aliwakuta Wajapani karibu sawasawa na alivyokadiria, yapata saa 3:20 asubuhi.

Aliwakuta hana ndege ya kumlinda. Ndege za kivita ziitwazo Zero ziliwashukia, na katika muda mfupi zote 15 zikaanguka. Watu 29 walikufa. Aliyeokoka, Ensign George Gay, alielea baharini mpaka kesho yake alipookotwa. Vikosi vya topido vya Enterprise na Yorktown vilifuata, navyo vikachinjwa karibu kama kile cha kwanza. Wakuu wa vikosi vyote vitatu, Waldron, Lindsey na Massey, walikufa mbele ya watu wao. Lindsey alikuwa na majeraha ya ajali ya siku chache nyuma, naye alikataa kubaki. Hapana topido hata moja iliyopiga.

Hata saa 4:20 hivi, ndege za mabomu za Enterprise na Yorktown zikatokea juu, na manowari tatu za Kijapani zikawaka. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kikosi cha Waldron kiliziteremsha Zero chini ili wenye mabomu wapite. Maneno hayo yanafariji, lakini saa hayakubali. Kati ya kufa kwa Waldron na mabomu ilipita muda wa saa nzima, na Zero huhitaji dakika chache tu kupanda tena. Waliozivuta hasa ni watu wa Massey, waliofika mwisho. Kikosi cha Nane kilichofanya ni kuwachelewesha Wajapani: manowari zilizolazimika kupinda huku na huku, na kupokea na kurusha walinzi, hazikupata nafasi ya kupanga shambulio lao. Hilo si jambo dogo, wala haliwasamehi waliowaacha peke yao.

Na wale waliomfuata Ring? Hawakumwona adui. Ndege 10 za kivita ziliishiwa mafuta zote zikaanguka baharini. Za mabomu, baadhi zilirudi manowarini na baadhi zikatua Midway, bila ya kumshambulia adui. Hapa ndipo mwandishi wa historia hukwama. Kwa desturi kila mkuu wa kikosi huandika taarifa ya vita. Kutoka Hornet iliyobaki ni moja tu, ya Mitscher, na ramani yake huonyesha ndege zikielekea kusini-magharibi, njia ambayo marubani kadhaa waliorejea walisema baadaye kwamba hawakuipita.

Mitscher alipanda cheo akawa amiri mashuhuri. Waldron alitunukiwa nishani ya Navy Cross akiwa amekwisha kufa. Ring alitunukiwa nishani iyo hiyo, kwa vita vivyo hivyo.