Ziwa lilipokuwa nyika

Anayesimama leo kwenye ghuba ya Nungwe, upande wa Geita, anaona maji mpaka macho yachoke. Katika kipindi fulani kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita angeona nyasi, na angeweza kushika njia ya Entebbe bila kuhitaji mtumbwi. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lilikuwa limekauka.

Ushahidi uko kwenye tope. Mwaka 1969 Robert Kendall alichapisha historia ya mimea ya bonde la ziwa hili, aliyoisoma katika chembe za chavua zilizohifadhiwa kwenye tope la ghuba ya Pilkington, Uganda. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake wakaja na habari nzito zaidi. Walipeleka mawimbi ya sauti chini ya ziwa, wakaona kwamba tope laini la siku hizi limelala juu ya tabaka gumu lililoenea kote. Walipozamisha mabomba na kuvuta sampuli ndefu, hata mahali penye kina kirefu walikuta udongo uliokaushwa na jua, wenye vijizizi vya mimea ya nchi kavu.

Si ajabu kubwa ukilijua umbile la ziwa lenyewe. Kina chake hakizidi mita 80 na kitu, na takriban asilimia 80 ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya uso wake. Mito huchangia kidogo, na jua hurudisha sehemu kubwa angani. Mvua ikipungua kwa karne kadhaa, ziwa halina akiba. Hata samaki wanabeba alama ya ukame huo: furu wa ziwa hili, ambao spishi zao ziliwahi kufika mia tano au zaidi, wanadhaniwa kutofautiana karibu wote tangu maji yaliporudi.

Chanzo cha ukame huo kilikuwa mbali sana na Usukuma, kusini mwa ziwa. Milima ya barafu ilimeguka na kuyeyukia Atlantiki ya kaskazini, mzunguko wa maji ya bahari ukadhoofika, na pepo zinazoleta mvua Afrika na Asia zikapoteza nguvu. Mwaka 2011 Curt Stager na wenzake walikusanya ushahidi kutoka maziwa ya Afrika hadi Asia, wakaonyesha kwamba ukame huo ulizikumba nchi hizo zote kwa wakati mmoja. Kisha mambo yakageuka: kuanzia miaka kama 15,000 iliyopita Afrika ilipata maelfu ya miaka ya neema, hata Sahara ikawa na maziwa na viboko.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Modeli ya tabianchi ni mkusanyiko wa hesabu za fizikia: hewa inavyosukumwa, joto linavyosafiri, mvuke unavyogeuka wingu. Mwaka 1981 John Kutzbach aliipa modeli yake mkao wa dunia kuhusiana na jua ulivyokuwa miaka 9,000 iliyopita, wakati kaskazini ya dunia ilipopata jua kali zaidi majira ya kiangazi chake. Modeli ikaleta pepo za mvua zenye nguvu, na maziwa ya kale ya Afrika yalithibitisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani kubwa ya elimu ya tabianchi ya kale. Modeli haiwezi kupimwa kwa mwaka 2080, kwa kuwa haujafika. Inaweza kupimwa kwa yaliyokwisha tokea.

Kumbukumbu za nchi yenyewe zinarudi nyuma kuliko ziwa. Miamba yenye dhahabu ya Geita na Kahama ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ila hiyo haituambii lolote la maana kuhusu mvua. Majani yanatuambia. Huko Mahenge, mkoani Singida, volkano ya jamii ileile iliyoleta almasi za Mwadui iliacha shimo lililojaa maji, na chini yake majani na samaki wakahifadhika miaka milioni 46 hivi iliyopita. Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen waliyachunguza majani hayo, wakakuta ni ya msitu mkavu uliofanana na miombo ya leo, usiopata mvua nyingi. Ukame wa nchi hii una asili ndefu.

Tukija karibu, sampuli za ziwa Naivasha, Kenya, zinasimulia miaka 1,100 ya mwisho. Dirk Verschuren na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2000: kiangazi kirefu kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, kisha karne zenye maji zaidi zilizokatizwa na vipindi vikavu vya 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Walichokiona kwenye tope kiliwiana na simulizi za wazee kuhusu njaa, vita na uhamaji. Mwanahistoria J. B. Webster alikuwa tayari amefanya kazi kama hiyo mwaka 1979, akilinganisha nasaba za falme za maziwa makuu na vipimo vya Mto Nile vilivyowekwa Kairo kwa karne nyingi. Usukumani mtemi alibeba dhamana ya mvua, na mvua ilipokataa aliweza kuvuliwa utemi. Naziheshimu simulizi hizo kama kumbukumbu za tabianchi, na inanisikitisha kwamba wanaozibeba wanaondoka kabla hatujazilinganisha zote na tope.

Vipimo vya kisasa ni vichanga. Kina cha ziwa kinapimwa tangu 1896. Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha kwa zaidi ya mita 2, na rekodi ya Mei 1964 haikuvunjwa hadi Mei 2020. Mara zote mbili Bahari ya Hindi ilikuwa imechangia: upande wa Afrika ulipata joto kuliko upande wa Indonesia, na vuli ikafurika. Mtu anayejenga gati au lambo kwa kutazama miaka mia tu amesoma ukurasa wa mwisho wa kitabu kirefu.

Hata hivyo si kila ukavu uliletwa na anga, na Shinyanga ni shahidi mkubwa wa hilo. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya hekta kupambana na mbung'o, na Shinyanga ya zamani ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya C. F. M. Swynnerton. Pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikawakusanya watu mahali pamoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake ilikuwa kurudi kwenye ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapobana. Migunga ikachipua yenyewe kutoka visiki vilivyokuwa ardhini. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi. Wasukuma walijua ukame hurudi, ndiyo maana walikuwa na ngitili kwa ng'ombe, na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukaushwa, kwa watu.

Modeli nazo zina upungufu, na haifai kuuficha. Nyingi hugawa dunia katika visanduku vyenye upana wa kilomita 100 au zaidi, hivyo kimoja kinaweza kuimeza Geita pamoja na Kahama. Kwa miongo kadhaa zilitabiri mvua kuongezeka Afrika Mashariki huku masika halisi ikipungua. Jessica Tierney na wenzake, mwaka 2015, walitumia kumbukumbu za miaka 2,000 kuonyesha kwamba kwenye Pembe ya Afrika modeli hizo huikosea hata misimu yenyewe, zikikuza vuli kupita kiasi.

Tufani ni ndogo mno kuonekana kwenye kisanduku kipana hivyo. Machi 2015 mvua ya mawe na upepo viliiangukia Mwakata, Kahama, zikabomoka nyumba na kufa watu zaidi ya 40. Ndiyo maana kazi ya karibuni ina uzito kwetu. Wim Thiery na wenzake walionyesha mwaka 2016 jinsi upepo wa nchi kavu unavyokutana usiku juu ya ziwa na kuzaa radi, na kwamba mvua kali za ziwani zinatarajiwa kuongezeka haraka kuliko za nchi kavu jirani. Baadaye wanasayansi wa Uingereza waliendesha modeli ya Afrika nzima yenye visanduku vya kilomita 4.5, inayoumba wingu la mvua kama linavyojijenga. Kwa Afrika Mashariki inaonyesha mvua kubwa za ghafla zikiongezeka kuliko modeli pana zilivyodhani.

Kwa mchimbaji mdogo hiyo ni habari ya duara lake, yaani shimo analochimba. Maji yakipenya udongo, matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, hayashiki. Januari 2024, huko Simiyu, udongo ulioloweshwa na mvua uliporomoka mgodini na kuua watu 22. Na kwa mkulima wa majaluba, mvua ya wiki nzima ikishuka kwa saa mbili huvunja tuta, ikaondoka na maji ambayo mpunga ungeyahitaji hadi mwezi unaofuata.