Umakini wa Watoto (Fedha, Nairobi)

Umakini wa watoto ni uwezo wa mtoto kuelekeza akili kwenye jambo moja, kudumu nalo, na kujizuia asivutwe na mengine. Sehemu ya mbele ya ubongo inayousimamia uwezo huu hukomaa mtu akiwa amepita miaka 20, hivyo mtoto wa miaka 6 anayegeuka kila mlango unapogongwa si mkaidi. Makala hii inautazama umakini huo katika Fedha, mtaa wa Embakasi ulio kando ya barabara ya Outer Ring, jirani na Tassia na Pipeline.

Dawa ya kukosa umakini ambayo wazazi wengi hukimbilia ni tuisheni. Hata baada ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kupiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, desturi hiyo haikukoma. Lakini kinachopungua kwa watoto hawa mara nyingi ni usingizi, utulivu na michezo, wala si saa za masomo.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka vipindi vya shule za kutwa vianze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri. Hata hivyo, magari ya shule hukwepa foleni kwa kuchukua watoto kabla ya mapambazuko. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri sharti awe amelala saa mbili usiku, na saa hiyo wazazi wengi bado wamo kwenye matatu wakirudi kutoka mjini au Industrial Area. Wakifika ndipo kazi ya ziada inapofunguliwa. Kesho yake mtoto anaitwa mzembe darasani, na hilo ni kumwonea.

Kelele nazo zina madhara yaliyothibitishwa. Uwanja wa ndege wa zamani wa Munich, Ujerumani, ulipofungwa mwaka 1992, kumbukumbu na usomaji wa watoto waliokaa karibu nao viliimarika, huku wale wa karibu na uwanja mpya wakirudi nyuma. Katika Embakasi, eneo lenye uwanja wa ndege mkubwa kuliko wote nchini, na lenye honi za matatu na spika za baa juu yake, jambo hili si dogo. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinampa mkazi haki ya kulalamika.

Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Programu za simu zinazodai kunoa akili humfanya mtoto awe hodari wa programu hizo zenyewe. Faida hiyo haihamii sana kwenye vitabu.

Michezo ya mtaani ndiyo inayofunza zaidi. Katika nyama-nyama, kiongozi hutaja mnyama: akiliwa, watoto huruka na kuitikia; asipoliwa, hutulia. Anayeruka kwa simba ametoka. Mchezo huu unadai mambo matatu kwa pamoja, yaani kusikiliza, kupima na kujizuia, na wanasaikolojia hupima umakini kwa majaribio ya namna hiyohiyo. Bano, yaani mchezo wa gololi, hudai shabaha na subira. Kati, ambapo mchezaji wa katikati hukwepa mpira anaorushiwa, hudai jicho lisiloacha mpira. Tatizo ni nafasi: ua wa ploti nyingi umegeuzwa maegesho ya magari, na watoto hufukuzwa humo. Wenye ploti wakiwaachia ua hata kwa muda wa saa moja wakati wa jioni watakuwa wamesaidia zaidi kuliko mwalimu wa tuisheni.

Wapo watoto ambao shida yao ni ya kitabibu. Dalili za kukosa umakini zikidumu miezi 6 au zaidi, nyumbani na shuleni pia, mzazi ampeleke mtoto kwa daktari au kwenye kituo cha tathmini ya elimu (EARC), huduma iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1984.