Kadi ya michezo yaingia chumba cha uhariri

Kila anayehariri video anaijua subira. Huunganisha vipande, husawazisha rangi, huweka maandishi chini ya picha, kisha hubonyeza kitufe na kuingojea kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 2000, watu wa redio tulipoanza kutakiwa kutengeneza pia video za mtandaoni, nilizoea kuiacha mashine ikifanya kazi usiku kucha, nikiomba asubuhi nikute kazi imekamilika, si ujumbe kwamba imekwama.

Katika makala haya tunaangalia jinsi kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta kilivyokuja kuifupisha subira hiyo, na kwa nini kukimiliki tu hakukutosha.

Kutoka wembe hadi kompyuta

Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mashine ya kurekodi televisheni kwenye utepe wa sumaku. Aliyetaka kuhariri aliukata utepe kwa wembe na kuuunganisha upya kwa mkono. Mwaka 1971 ukaja mtambo wa CMX 600, uliohifadhi picha kwenye diski za kompyuta, lakini bei yake ilikuwa ya mashirika makubwa peke yake. Avid ilifuata mwaka 1989, na Adobe Premiere mwaka 1991. Wembe ukawekwa kando.

Mzigo, hata hivyo, haukutoweka, bali ulihamia kwenye prosesa kuu ya kompyuta. Picha moja ya video yenye upana wa nukta 1920 na kimo cha nukta 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Zikipita picha 25 kila sekunde, hizo ni karibu nukta milioni 52 kwa sekunde. Ukitaka kuing'arisha sura ya mzungumzaji aliyekaa gizani, kila nukta inadai hesabu yake.

Kazi ya ujima

Prosesa kuu ni kama fundi hodari anayeweza kazi ya kila namna, lakini huzifanya chache tu kwa wakati mmoja. Kadi ya michoro ni kama wanakijiji waliotoka kwa ujima kulima shamba: hakuna anayemzidi fundi kwa ujuzi, lakini kila mmoja ana tuta lake, na wote huinua majembe kwa pamoja. Kwa kazi ya nukta milioni 52, shamba lawahitaji wanakijiji.

Wanakijiji hao waliajiriwa kwanza na michezo. Mwaka 1999 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya GeForce 256, na mwaka 2001 GeForce 3, ambayo watunzi wa programu waliweza kuipa maagizo yao wenyewe. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitoa CUDA, mfumo wa kuitumia kadi kwa hesabu za aina yoyote, hata zisizohusu michezo. Mlango wa chumba cha uhariri ukawa wazi.

Jina lako limo?

Mwezi Aprili mwaka 2010 Adobe ilitangaza Premiere Pro CS5, iliyotumia CUDA kuharakisha madoido, rangi na ubadilishaji wa ukubwa wa picha. Kazi zilizohitaji kungojewa zikaonekana papo hapo.

Lakini kulikuwa na sharti. Programu iliikagua kadi, ikasoma jina lake na kiasi cha kumbukumbu yake, kisha ikalilinganisha jina hilo na orodha fupi ya kadi ambazo Adobe ilikuwa imezijaribu, miongoni mwao GeForce GTX 285 na Quadro FX 4800. Kadi ambayo jina lake halikuwamo ilikataliwa, hata kama ilikuwa na uwezo, na mzigo ukarudi kwa prosesa kuu.

Haukupita muda mrefu kabla ya watumiaji kugundua kwamba orodha hiyo ilikuwa faili dogo la maandishi ndani ya folda ya programu. Waliongeza humo jina la kadi zao, wakahifadhi, wakafungua programu upya. Wengi walifanikiwa kwa kadi za bei nafuu zilizonunuliwa kwa ajili ya michezo. Kampuni ilikuwa na sababu yake, kwani kadi isiyojaribiwa ingeweza kuharibu kazi ya mtu. Lakini kwa mhariri wa kipato kidogo, mstari mmoja wa maandishi ulimtenganisha na usiku wa usingizi.

Mwaka 2012 toleo la CS6 lilikubali mfumo mwingine, OpenCL, kwa baadhi ya kadi za AMD katika kompyuta za MacBook Pro. Mwaka 2013 toleo la CC liliruhusu pia kadi zisizo kwenye orodha, mradi zitimize masharti, yakiwemo ya kumbukumbu. Ukaguzi ukawa wa uwezo, si wa jina.

Kinachotolewa huweza kuondolewa

Ruhusa hizo si za milele. Mwaka 2018 Apple ilitangaza kuiacha OpenCL na kuupendelea mfumo wake wa Metal, na CUDA 10.2 ya mwaka 2019 ikawa ya mwisho kwa kompyuta za Mac. Kadi zilizokuwa nzima zikabaki bila kazi.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kutoa fedha zako, uliza mambo manne: programu yako inatumia mfumo gani, kadi ina kumbukumbu kiasi gani, programu inayoiendesha kadi ni ya toleo gani, na je, katika mipangilio uharakishaji umewashwa? Kumbuka pia kwamba kufungua na kubana faili za video ni kazi tofauti na madoido. Kadi inaweza kuwa hodari katika moja na isisaidie katika nyingine.

Wembe wa mwaka 1956 haukumuuliza mhariri jina la mkasi wake. Mashine za leo huuliza, nasi tumejifunza kuwa na jibu kabla ya kufika dukani.