Istilahi za Bunilizi: Kutoka Nagona hadi Mzingile

Riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), zimewasumbua walimu na wafasiri kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya usumbufu huo ni ya kiistilahi. Ya pili ni mwendelezo wa ya kwanza, lakini haiendelezi kisa kwa namna tuliyoizoea, ambapo mhusika yule yule huondoka hapa akafika pale. Katika Nagona wanafikra waliotengana kwa karne nyingi, kama vile Plato, Darwin na Marx, huingia katika masimulizi mamoja, na mipaka ya historia huvunjika. Katika Mzingile msafiri humwendea mzee Kakulu, ambaye sura yake ni ya Mungu wa visasili. Baadaye hujikuta katika dunia iliyoteketezwa na silaha za nyuklia. Je, tuiite fantasia ya kihistoria, au bunilizi ya kisayansi?

Swali hili si la anasa. Mwanafunzi wa Tunduma akijibu kwamba Mzingile ni bunilizi ya kisayansi, na msahihishaji wake akawa amefundishwa kwamba ni kisasili basi, atakosa alama kwa jibu lisilo na kosa.

Wengine wamependekeza “uhalisiajabu”. Neno hilo lataja ajabu vizuri, lakini halitufikishi kwenye bomu. “Hadithi ya kisayansi” nayo ina hatari yake: maelezo ya jinsi mbu aenezavyo malaria yaweza kuitwa hivyo pia, na mkutubi mwenye haraka ataiweka riwaya kwenye rafu ya biolojia. Kwa hiyo “bunilizi ya kisayansi” yafaa zaidi, mradi isifanywe kisanduku chenye kufuli.

Lugha yetu imekwisha kuonyesha njia, na ushahidi umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Huko Ndolezi, wilayani Mbozi, kabla msafiri atokaye Mbeya hajafika Tunduma, limelala pande la chuma na nikeli lenye urefu wa karibu mita 3. Liliangukia hapo zamani mno, hata shimo la anguko lake halionekani. Habari zake zilitangazwa nje mwaka 1930, mwaka ule ule Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi. Jina lake ni kimondo. Katika imani ya watu wa pwani, kimondo ni moto ambao malaika huwarushia mashetani wanaosikiliza kwa siri habari za mbinguni. Kwa mwanafizikia, ni jiwe la angani liwakalo liingiapo katika angahewa. Neno moja limebeba yote mawili, na hapana aliyedai ligawanywe ili imani ipate jina lake na sayansi jina lake. (Wanafalaki wana haki ya kutenganisha kinachowaka juu na kilichobaki ardhini, lakini hilo ni shauri jingine.)

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, inadai uangalifu kama huo. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, hutiwa katika chombo cha angani, naye hufika katika nchi ambayo jina lake likikatwa husomeka “wale ni sisi”. Wahakiki wengi wameisoma kama istiara ya kisiasa, na hawakukosea. Ila chombo chenyewe wamekipita kana kwamba ni basi tu la kumfikisha abiria.

Yafaa basi “kisasili”, “bunilizi ya kihistoria” na “bunilizi ya kisayansi” zitumike kutaja sifa zinazoweza kukutana katika kazi moja. Kuhusu mpangilio wa vitabu, “juzuu” ni sehemu ya kazi moja iliyogawanywa, na “mfululizo” ni vitabu vingi vyenye mhusika au mandhari ya pamoja. “Mwendelezo” tuuachie kitabu kinachochukua jambo lililoachwa na kilichotangulia, hata kama dunia yake imebadilika kabisa. Kwa kipimo hicho, kadi ya maktaba ya Mzingile ingesomeka hivi: riwaya, mwendelezo wa Nagona, kisasili, bunilizi ya kihistoria na ya kisayansi. Nafasi kwenye kadi yatosha.